Mchuzi Usimwagike: Namna ya Kuendesha Haibridi kwa Ulaini na kwa Petroli Kidogo

Hapa Mombasa, Mama anakaa Likoni, ng'ambo ya feri, sisi tunakaa Kisauni. Kila Jumapili ninapomfuata huingia garini na sufuria ya samaki wa kupaka, akaipakata mapajani, leso imefungwa juu ya kifuniko. Sufuria hiyo ndiyo iliyonifundisha kuendesha haibridi, yaani gari la petroli na umeme kwa pamoja. Miezi ya kwanza baada ya kununua gari tulikuwa tukifika na nusu ya mchuzi kwenye leso, na petroli ikienda kwa kilomita 17 kwa lita. Kufikia wakati mchuzi ulipoanza kufika mzima, nilikuwa ninapata 21. Njia ni ile ile, gari ni lile lile. Kilichobadilika ni mguu wa dereva, hasa anapokanyaga breki.

Ninayoieleza hapa ni Toyota Corolla Axio Hybrid, ile ya NKE165 iliyoanza kuuzwa Japani Agosti 2013, kwa sababu ndiyo niliyo nayo, na ukisimama dakika tano pale Makupa utaona nyingi zikipita. Mengi ya humu yatamfaa pia mwenye Camry au Prius, maana ukoo ni mmoja. Mwenye haibridi ya Honda Grace nina neno lake mbele kidogo.

Kwanza, ujue unaendesha nini

Injini ya Axio hii ni 1NZ-FXE ya lita 1.5, jamaa ya ile iliyowekwa katika Prius ya kwanza kabisa mwaka 1997. Peke yake ina nguvu za farasi 74 tu. Ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla inafika 100. Unyonge huo ni wa makusudi. Vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, kwa hiyo pistoni ikipanda inarudisha hewa kiasi ilikotoka; mchanganyiko unabanwa kwa safari fupi lakini ukilipuka unasukuma pistoni kwa safari ndefu. Joto linakamuliwa zaidi kabla ya kutupwa kwenye ekzosi. Hasara yake ni kwamba injini ya namna hii ni goigoi kwenye kuondoka, na hapo ndipo mota inapoingia.

Gia za kubadilisha hakuna. Injini, mota mbili na magurudumu vimeunganishwa na seti moja ya gia zinazozungukana, na kompyuta ndiyo inayoamua nani asukume na nani apumzike. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta hadi chini unasikia injini ikipanda na kubaki huko huko ikivuma, huku gari likija nyuma yake polepole. Wengi hudhani limeharibika. Si bovu, ila unaliomba kwa ukali kitu ambacho lingekupa kwa upole.

Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, ya nikeli, volti 144, na uwezo wake haufiki kilowati-saa moja. Ni ndogo mno. Usiione kama tangi la pili. Ione kama kijaluba cha chenji, pesa zinaingia na kutoka siku nzima.

Hatua ya 1: Pima kabla hujabadilisha chochote

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na mwambie mhudumu asiongeze tone baada ya hapo. Rudisha tripu kwenye sifuri. Endesha kama ulivyozoea. Ukirudi, jaza tena katika kituo kile kile na ikiwezekana pampu ile ile, halafu gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Tangi langu la wiki iliyopita lilikuwa kilomita 412 kwa lita 19.6, yaani 21.0. Andika kwenye daftari au kwenye simu, pamoja na tarehe na njia uliyopita.

Skrini ya gari nayo inakupa wastani. Magari yetu yanakuja na maandishi ya Kijapani, kwa hiyo tafuta tu namba inayofuatwa na km/L. Ichukue kama dira, maana aghalabu husema vizuri kuliko pampu.

Na usijitese kwa ile kilomita 33.0 kwa lita ya karatasi za Japani. Kipimo hicho, JC08, hufanywa juu ya rola kwa dakika 20 hivi, kilomita 8 na ushee, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na hakivuki 82. Hakuna lori la makontena mbele, hakuna tuta, hakuna shangazi wanne kiti cha nyuma.

Hatua ya 2: Asubuhi, washa uondoke

Kanyaga breki, bonyeza swichi, subiri neno READY. Injini itawaka yenyewe muda mfupi kupasha moto mfumo wa kusafisha moshi. Usikae ukiisubiri ipoe kelele huku petroli inakwenda bila kilomita hata moja. Ondoka polepole, nusu kilomita ya kwanza bila haraka. Kuna wanaobonyeza swichi ya EV, ya kwenda kwa umeme mtupu, ili watoke uani kimya kimya. Kwa kumheshimu jirani aliyelala, sawa. Kwa kuokoa mafuta, hapana: umetumia chenji yote ya betri, na injini baridi itakuja kuirudisha.

Hatua ya 3: Usinyate kupita kiasi

Tulifundishwa kuendesha kana kwamba chini ya mguu kuna yai. Kwenye haibridi ushauri huo ni nusu ya ukweli. Ukinyata sana gari linaondoka kwa umeme mtupu, na ukimya wake unakupendeza. Lakini umeme ule haukushuka na mvua. Ulitengenezwa na petroli, au uliokolewa kwenye breki, na kila unapoingia na kutoka kwenye betri sehemu yake inapotea njiani kuwa joto. Ukiumaliza kwa kunyata, injini itaamka baadaye kuulipa.

Tazama kile kipimo chenye mshale kwenye dashibodi: CHG (kuchaji) chini, ECO (uchumi) katikati, PWR (nguvu) juu. Ondoka mshale ukiwa umepita nusu ya ECO bila kuvuka mpaka. Injini ikifanya kazi ya wastani namna hii ndipo inapoitumia petroli vizuri. Fika 50, kisha inua mguu wote. Sekunde moja, injini inazima. Sasa rudisha mguu kidogo sana, mpaka mshale ukae palepale CHG na ECO zinapokutana. Gari linateleza. Spidi ikishuka mpaka 40 na kitu, rudia.

Siku ya kwanza utakosea kila mara. Siku ya kumi utafanya bila kufikiri. Abiria hatakiwi kuhisi mguu ukipanda na kushuka. Akiyumba kichwa, unafanya kwa nguvu mno.

Hatua ya 4: Breki, hapa ndipo penye pesa

Ukigusa breki ya haibridi, kwanza mota inageuka kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, nayo inayazuia na kupeleka umeme kwenye betri. Pedi na diski huja baadaye, pale mota inapozidiwa. Sasa itazame ile CHG. Mshale ukishuka hadi mwisho kabisa, mota imefika ukomo wake wa kupokea. Nguvu yoyote ya ziada unayokanyaga inakwenda kwenye pedi, yaani petroli uliyoinunua juzi inageuzwa joto na vumbi jeusi kwenye ringi.

Kwa hiyo breki ni ya mapema na ya muda mrefu. Ukiona taa nyekundu mita 150 mbele, usiendelee kusukuma ili ufike uisubiri. Inua mguu, hesabu mbili, kisha gusa breki kwa wepesi na uiache hivyo hivyo, mshale ukiwa katikati ya CHG. Daraja la Nyali kushukia Kongowea ni mahali pazuri pa kujifunzia, maana mteremko wenyewe unakusaidia na foleni huwa inaonekana ukiwa bado juu.

Kisha kuna ile nukta ya mwisho. Spidi ikishuka karibu na kilomita 10 kwa saa, mota inaikabidhi kazi breki ya kawaida, na mguu ukibaki vilevile gari linadondosha pua: *ngwe!* Hapo ndipo mchuzi unapomwagika. Dawa yake ni kulegeza mguu kidogo, unene wa shilingi tu, pale magurudumu yanapotaka kusimama, halafu kuukaza tena gari likishatulia. Mama hajui lolote kuhusu jenereta, lakini Jumapili moja tuliposimama mataa ya Buxton alinigeukia akasema, "Leo umeendesha kama babako, Mungu amrehemu." Marehemu alikuwa akiendesha Peugeot 504.

Utaacha nafasi mbele, na tuktuk itaingia. Mwache aingie. Ukikanyaga kumzibia, ukakanyaga tena kusimama, umetumia petroli mara mbili kulinda mita nne za lami.

Matuta ni breki pia. Lione tuta kutoka mbali, inua mguu mapema ili ulifikie tayari ukiwa 15, ulipande kwa ile kasi iliyobaki. Anayelifikia akiwa 40 anafunga breki, anagonga tumbo la gari, na anaanza upya kutoka sifuri.

Hatua ya 5: Foleni ya feri

Foleni ya Likoni ndiyo iliyonifanya nitafute haibridi. Saa nane mchana, jua la Februari, magari matatu kila dakika kumi. Kwenye gari la kawaida unachagua kuungua jua au kuunguza petroli. Kwenye Axio kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa na umeme, kwa hiyo injini inazima na ubaridi unaendelea. Betri ikipungua, injini inaamka dakika moja mbili, inajaza, inalala tena. Usiizuie.

Kosa langu la mwezi wa kwanza: nikitoka kwenye gari la gia za kawaida, nilikuwa na tabia ya kuweka N foleni ikisimama. Haibridi ya Toyota ikiwa kwenye N haiwezi kuchaji betri, hata injini ikiwa inaunguruma. Nilikaa hivyo labda dakika ishirini, kiyoyozi kimewashwa, nikashtukia milio na maandishi ya Kijapani yakiwaka kwenye dashibodi. Betri ilikuwa imebaki vipande viwili vya chini. Foleni ikaanza kutembea, na gari linapanda kutoka kule chini kama lina homa. Tangu siku hiyo: kisimamo kifupi, D na mguu kwenye breki, ukaze vizuri ili mota isijaribu kusukuma. Kisimamo kirefu, P. N ni ya kuvutwa na kuoshwa tu.

Na usiliache gari kwenye READY ukaenda kununua madafu. Liko kimya, unadhani umezima. Utarudi ukute injini imejiwasha, au mtoto amekaa mbele ya usukani.

Mwenye Honda Grace, gari lako ni jingine. Lilitoka mwishoni mwa 2014 likiwa na sanduku la gia 7 na klachi mbili kavu, betri ya lithiamu. Linakimbia vizuri kuliko Axio, kusema haki, na barabara kuu nalipenda zaidi. Lakini klachi kavu hazipendi kutambaa hatua moja moja. Zinapata joto na gari linaanza kukatakata. Foleni ikisogea mita mbili, kaa. Subiri zifike kumi, kisha songa mara moja.

Hatua ya 6: Safari ya Nairobi

Hapa niweke wazi jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Haibridi inashinda mjini. Barabara kuu faida yake inapungua, kwa sababu hakuna breki za kuvuna. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, kutoka ufuoni hadi mita 1,700 juu ya bahari. Kulipandisha gari lenye watu wanne na mizigo yao kimo hicho, bila kuhesabu upepo wala tairi, kunakula takriban lita 2 za petroli. Ukiona Emali kwamba wastani umeshuka, usilaumu gari. Wakati wa kurudi utalipwa sehemu ya deni. Pima safari nzima, kwenda na kurudi, ndipo uzungumze.

Kinachobaki mkononi mwako ni spidi. Ukinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa spidi: kutoka 90 kwenda 110 unaongezeka kwa nusu nzima. Kwenye kipande cha kilomita 100 kilicho wazi, 110 inakuokolea dakika 12 ukilinganisha na 90. Mtu mmoja akisimama kunywa chai Mtito Andei ameshazirudisha. Mimi nashika 90, na gari linanyamaza kabisa. Axio haikuwekewa vizuia sauti vingi. Ikipita 100 unasikia tairi, upepo na injini kwa pamoja, watoto wanaamka, na safari inakuwa ya kupigana kelele.

Kumpita trela ni suala jingine. Trela na basi zinatakiwa zisivuke 80, kwa hiyo utazipita nyingi. Ukiamua kupita, sahau uchumi. Zima swichi ya ECO ili pedali iwe nyepesi, vuta nafasi nyuma, uone mbele kweupe, kanyaga mpaka PWR na uache injini ivume. Nguvu 100 na abiria wanne si nyingi. Kijiko kimoja cha petroli si kitu mbele ya lori linalokuja.

Ile B kwenye gia ni ya miteremko mirefu. Si kwamba inachaji zaidi, ingawa madereva wengi wa teksi watakuapia hivyo. Inaizungusha injini bila petroli ili ilizuie gari, na sehemu ya nguvu inapotelea humo. Barabara tambarare iache. Lakini ukitoka Wundanyi kushuka Mwatate, kona juu ya kona, betri itajaa njiani na mota haitakuwa na pa kupeleka umeme. Hapo weka B kabla diski hazijaanza kunuka.

Hatua ya 7: Kiyoyozi, usijikaushe

Kuna wanaozima kiyoyozi na kufungua madirisha wakidhani wanaokoa. Mjini, kwa gari la kawaida, huenda. Kwa hili, kumbuka kwamba betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni iliyo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Wewe ukitoka jasho, betri nayo inatoka jasho, na betri ya nikeli iliyopata joto inapunguziwa kazi na kompyuta, halafu umri wake unafupika. Weka 25 au 26, feni ya wastani, hewa ya ndani izunguke. Gari likiwa limeshinda juani, fungua milango yote dakika moja kwanza.

Hatua ya 8: Upepo na oili

Kibandiko cha upepo wa tairi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa kwa kPa, na kijana wa pampu anafahamu PSI. Gawa kwa 6.9: kPa 230 ni kama 33. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kila baada ya wiki mbili. Usijaze 40 kwa tamaa. Gari litaruka kila shimo na breki itateleza mvua ikinyesha.

Oili ni 0W-20, nyepesi kama maji ya kunde. Gereji moja, sitaitaja, iliniwekea oili nzito ya 20W-50, fundi akinihakikishia kwamba "kwa joto letu hii ndiyo inakaa". Tangi mbili zilizofuata nilipoteza karibu kilomita 1 kwa kila lita, na kila injini ilipoamka foleni nilihisi mtikisiko kwenye kiti. Injini hii inazima na kuwaka mara nyingi sana kwa siku, na kila mara oili nzito inataka kusukumwa. Nunua mwenyewe dukani, simama uone inamiminwa.

Hatua ya 9: Mambo mawili ya pwani

La kwanza ni matundu ya ile feni ya betri. Mchanga wa ufuoni, nywele, vumbi la makombo ya mahamri, vyote vinaishia pale. Kila miezi mitatu vuta vumbi kwa mashine, na kila mwaka mwambie fundi afungue chujio na feni yenyewe. Usiweke begi wala leso mbele yake. Feni ikisikika ikipiga kelele nyuma wakati gari limesimama, haipati hewa.

La pili ni breki zenyewe. Kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa, pedi zinadumu muda mrefu, na watu wanazisahau. Lakini chumvi yetu haisahau. Diski zinaota kutu, na pini za kalipa zinakwama, breki ikabaki imeshika kidogo siku nzima, ikikula petroli kimya kimya. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu na nyuma hakuna mtu, funga breki kwa nguvu kutoka 60 ili pedi zisugue kutu. Na daftari lako likionyesha kushuka kwa kilomita 2 kwa lita tangi mbili mfululizo, endesha kilomita kumi bila kugusa breki sana, simama, uweke kiganja karibu na kila ringi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki ya hapo inashika. Mpelekee fundi afungue, asafishe pini na kuzipaka grisi ya joto kali.